UZI: Ukiitwa kila wiki "njoo umchukue mtoto", ujue mwanao amesimamishwa masomo. Dai barua

#1 MamaNasra (Columbus, Ohio)

Wanajamvi, salaam.

Uzi huu nauandikia hasa wazazi wenye watoto wa chekechea mpaka darasa la tatu hapa Marekani, ingawa walimu na wazazi mlioko nyumbani karibuni mchangie. Kazi yangu ni ukalimani. Shule zinaniita nikae kati ya mwalimu na mzazi anayezungumza Kiswahili, na wengi wa wazazi hao ni ndugu zetu wa Kongo waliokaa miaka kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Siri za familia sizitoi, na hapa chini nimebadilisha mambo kadhaa ili mtu asijulikane. Ila nimeliona jambo hili kwa familia nyingi mno na siwezi kuendelea kunyamaza.

Sheria ya Ohio inazibana shule zisimsimamishe masomo mtoto mdogo ovyo. Sasa kuna shule ambazo hazimsimamishi, zinapiga simu tu. "Leo siku imekuwa ngumu kwake, tunaomba uje umchukue." Saa tano asubuhi hiyo. Mzazi anaacha kazi, anakwenda, anashukuru (ndiyo, sisi tunashukuru, tumelelewa kumheshimu mwalimu), anaondoka na mtoto. Barua hakuna, sababu haikuandikwa, na siku ile haikuhesabiwa na mtu yeyote. Wiki ijayo simu tena. Mwisho wa mwaka mtoto amekosa masomo wiki nzima nzima, na ukifungua kumbukumbu za shule unakuta hajawahi kuadhibiwa hata siku moja.

Kesi iliyoweka msingi wa haki ya mwanafunzi kusikilizwa kabla ya kutolewa shuleni ilianzia hapa hapa Columbus. Mwaka 1971 wanafunzi kadhaa wa sekondari walisimamishwa masomo mpaka siku 10 bila kusikilizwa. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Goss dhidi ya Lopez, ikaamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba shule ya umma haiwezi kumtoa mwanafunzi hata kwa siku hizo chache bila kumwambia anatuhumiwa nini, na akikana aelezwe ushahidi uliopo na apewe nafasi ya kujieleza. Wale walikuwa vijana wakubwa, lakini haki ile ni ya mtoto wa miaka sita pia.

Kisha mwaka 2018 Ohio ikapitisha Muswada wa 318 wa Baraza la Wawakilishi. Kwa watoto wa awali mpaka darasa la tatu, kusimamishwa au kufukuzwa kwa makosa madogo madogo kulipunguzwa hatua kwa hatua, hadi kufikia mwaka wa masomo 2021-22 kukabaki kwa mambo mazito tu: silaha, tishio la bomu, kumuumiza mtu vibaya, au pale ambapo usalama wa mtoto mwenyewe, wenzake au walimu uko hatarini wakati huo huo. Na hata hapo, mwalimu mkuu anatakiwa kila inapowezekana ashauriane kwanza na mtaalamu wa afya ya akili. Kugoma kukaa kitini hakumo. Kurusha penseli hakumo. Kumjibu mwalimu vibaya hakumo.

Ohio haiko peke yake. California ilipiga marufuku kumsimamisha mtoto wa chekechea hadi darasa la tatu kwa sababu ya "ukaidi" kwa sheria ya mwaka 2014, na baadaye ikapandisha hadi madarasa ya juu. Maryland mwaka 2017 ilisema mtoto wa awali hadi darasa la pili asitolewe isipokuwa kuna hatari ya karibu ya kuumiza mtu vibaya, baada ya kushauriana na mtaalamu, na isizidi siku 5.

Kwa nini wabunge wa majimbo tofauti kabisa kisiasa walifikia hapo? Mwaka 2005 Walter Gilliam wa Chuo Kikuu cha Yale alitoa utafiti uliowashtua watu: watoto wa madarasa ya awali yanayoendeshwa kwa fedha za majimbo walikuwa wanafukuzwa kwa kiwango cha karibu 7 kwa kila 1,000, mara tatu na zaidi ya wanafunzi wa chekechea hadi kidato cha mwisho. Watoto wa miaka mitatu na minne, jamani. Wavulana walifukuzwa mara nne na nusu kuliko wasichana. Na pale ambapo mwalimu alikuwa na mtaalamu wa tabia za watoto anayekuja darasani kumsaidia, kufukuzwa kulipungua.

La pili linatugusa sisi moja kwa moja. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2013-14 zilionyesha kwamba watoto weusi walikuwa asilimia 19 ya walioandikishwa shule za awali za umma, lakini asilimia 47 ya waliosimamishwa. Mwaka 2016 Gilliam na wenzake wakawaonyesha walimu video za watoto wanne wakicheza, wakawaambia watafute dalili za utovu wa nidhamu. Hakuna mtoto aliyefanya kosa lolote kwenye video zile. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha walimu wakimtazama zaidi mvulana mweusi. Na walimu weusi walikuwemo.

Sasa niwape kisa kimoja. Mvulana wa miaka sita, darasa la kwanza. Baba yake anafanya kazi ghalani zamu ya asubuhi. Alikuja kikaoni na ile fulana ya kazi yenye mikanda inayong'aa, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Kazini kwao kuna mtindo wa pointi: ukitoka kabla ya zamu kwisha unaandikiwa pointi, zikijaa huna kazi. Alikuwa amebakiza kidogo tu. Mwalimu mkuu alikuwa na faili lenye karatasi za kila siku, zile zenye vijisura vitatu, cha kijani kinacheka, cha njano kimekaza mdomo, chekundu kimenuna. Akaanza kuzisoma tarehe moja baada ya nyingine: amesukuma, amepiga teke, amejificha chini ya meza. Mimi natafsiri, baba anainamisha kichwa.

Mwanasaikolojia wa shule akaziomba zile karatasi. Akazipanga upya mezani, akiacha tarehe na kufuata saa. Karibu vyekundu vyote viliangukia kati ya saa tano na saa tano na nusu. Huo ndio muda ambao darasa linapanga mstari kwenda bwaloni kula. Bwalo lile ni ukumbi mkubwa usio na pazia wala zulia, trei zinagongana, watoto zaidi ya mia wanapiga kelele kwa pamoja. Mtoto alikuwa anaanza kusukuma akiwa bado mstarini. Akirudishwa nyumbani anatulia saa hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, kila walipomwita baba walimpa mtoto kile kile alichokuwa anakitafuta, yaani asiingie mle ndani. Na kesho yake akajua njia.

Walichofanya baada ya hapo hakikuhitaji bajeti. Akawa anakula na wenzake watatu kwenye chumba kidogo karibu na maktaba, kisha wakawa wanaingia bwaloni mapema kabla hakujajaa, kisha na wengine. Simu zikakoma. Kinachoniuma ni kwamba karatasi zile zilikuwa ndani ya faili muda wote, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzitazama kwa sababu kila siku ngumu ilimalizwa kwa simu.

Kwa hiyo ushauri wangu, najua wengi mtashtuka: ukiitwa, uliza kwa upole, "Je, mwanangu amesimamishwa masomo leo? Kama ndiyo, naomba barua. Kama siyo, naomba abaki shuleni." Sentensi hizo mbili tu. Kisha andika kwenye daftari tarehe, saa, nani alipiga, alisema nini. Kama shule haina sababu ambayo sheria inaikubali, mara nyingi utaona ghafla inapatikana namna ya mtoto kubaki.

Nakaribisha maswali.

#2 BabaTumaini (Fort Worth, Texas)

Shukrani sana dada kwa uzi huu. Huku Texas nilisikia kuna sheria kama hiyo, lakini mwezi uliopita makamu mkuu wa shule ya kijana wangu (chekechea) aliniambia sheria imebadilika na sasa wanaruhusiwa. Ni kweli au alinitisha tu?

La pili. Unasema nidai barua. Mimi nilikuwa naona afadhali isiandikwe popote. Rekodi ya mtoto ikichafuka akiwa na miaka mitano si itamfuata hadi chuo?

#3 Mwl Sengerema

Nimesoma uzi wote. Nafundisha darasa la pili Kanda ya Ziwa, na mkondo wangu una watoto zaidi ya 90. Niseme ukweli wangu bila kuficha: nikisoma kwamba shule nzima imekaa kikao na mwanasaikolojia kwa ajili ya mtoto mmoja aliyesukuma wenzake, naona tunaishi dunia mbili.

Huku kumfukuza mtoto wa darasa la pili hatujui hata tungeanzaje. Mtoto akikosea anaadhibiwa, anarudi kukaa, somo linaendelea. Kanuni zipo: adhabu ya viboko ni ya mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Najua wengi hawazifuati. Lakini angalau mtoto wetu hakosi shule. Nyinyi mmeondoa kiboko, mkabaki na kumtoa nje, sasa mnaondoa na kumtoa nje. Mwalimu atabaki na nini?

#4 MamaNasra

@BabaTumaini, hakukutisha, ila hakukueleza yote. Mwaka 2017 Texas ilipiga marufuku kumsimamisha nje ya shule mtoto aliye chini ya darasa la tatu, isipokuwa kwa silaha, ukatili, au dawa za kulevya na pombe. Mwaka 2025 wakailegeza kwa Muswada wa 6 wa Baraza la Wawakilishi: sasa wanaweza pia pale mtoto anapohatarisha usalama wa wenzake wakati huo, au anapovuruga darasa mara kwa mara au kwa kiasi kikubwa, na huo uvurugaji uwe umewekwa kwenye maandishi. Hicho cha mwisho kishike sana. Kama hawana maandishi, hawana ruhusa hiyo. Na kumsimamisha nje ya shule hakuzidi siku 3 kwa tukio.

Binafsi naona Texas imerudi nyuma. Neno "kuvuruga" ni pana, na kwa mtoto wa miaka mitano linaweza kumeza kila kitu.

Kuhusu rekodi: naielewa hofu yako, ndiyo hofu ya kila mzazi ninayekaa naye. Lakini fikiria kinyume chake. Kama mtoto ana tatizo ambalo hujalijua bado, tuseme usikivu, umakini, au kiwewe cha safari na vita, sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu (wengi wanaiita IDEA) inasema akishatolewa zaidi ya siku 10 kwa mwaka kwa mtindo unaojirudia, shule lazima ikae na wewe iamue kama tabia ile inatokana na ulemavu wake. Kinga hiyo inamhusu pia mtoto ambaye bado hajapimwa, ikiwa shule ilikuwa na sababu ya kujua, kwa mfano wewe uliandika barua ya kueleza wasiwasi wako. Sasa siku zisizoandikwa utazihesabuje? Mtoto ametolewa mara kumi na tano, kwenye karatasi ni sifuri. Julai 2022 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo uliolitaja jambo hili waziwazi: kumwita mzazi mara kwa mara amchukue mtoto mapema bila kufuata utaratibu kunaweza kuwa ubaguzi dhidi ya mtoto mwenye ulemavu.

Na chuo hakitauliza mambo ya chekechea.

@Mwl Sengerema, heshima yako mwalimu. Watoto 90 kwa mwalimu mmoja ni dhuluma kwako na kwao, na sitakufundisha kazi. Ila kwenye kiboko hatutakubaliana. Mtoto yule wa bwaloni angechapwa kila siku saa tano kamili, na bado angeogopa bwalo, tena sasa angemwogopa na mwalimu. Umeuliza mwalimu atabaki na nini. Hilo swali ni la haki na naomba walimu wa huku walijibu kabla yangu.

#5 Ticha wa Minneapolis

Nijibu mimi. Nimezaliwa Nakuru, nafundisha darasa la kwanza hapa Minnesota. Mwaka 2023 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia kuwatoa watoto wa chekechea mpaka darasa la tatu, isipokuwa njia nyingine zote zimeshindikana na tishio la usalama bado lipo. Niliiunga mkono na bado naiunga mkono. Lakini nataka wazazi wajue inaonekanaje kutoka upande wangu wa meza.

Mtoto akianza kurusha viti, utaratibu wetu ni kuwatoa wengine. Kwa hiyo nawapanga watoto 22 mstari, tunakwenda kusimama koridoni, na mmoja anabaki ndani na mtu mzima mmoja akivunja kila kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu: ramani ya herufi, mche wa maharage wa kila mtoto kwenye kikombe chenye jina lake. Watoto wangu wanasikia kupitia mlango. Kuna msichana mmoja alianza kukojoa nguo baada ya hapo. Yeye pia ni mtoto wa mtu.

Na mimi nimeumwa mkono, alama ipo. Sikutaka yule mtoto afukuzwe. Nilitaka mtu wa tatu darasani. Sheria ilisema nisimtoe, lakini mtaalamu wa tabia tunayegawana na shule nyingine anakuja kwetu siku chache tu kwa wiki. Siku nyingine zote niko peke yangu na ile simu ya ofisini. Mwalimu akishafika hapo, dada MamaNasra, ndipo anapompigia baba wa ghalani. Mara nyingi amechoka tu, na wakati mwingine anaogopa, wala si kwamba amemchukia mtoto.

#6 MamaNasra

@Ticha wa Minneapolis nashukuru umesema wazi, na yule msichana naomba asisahaulike kwenye mjadala huu. Naongeza kitu kimoja tu. Kila simu isiyoandikwa inakunyima na wewe huyo mtu wa tatu. Wilaya inapangia wataalamu kwa kuangalia namba. Shule ikionyesha kwamba haijatoa mtoto hata mmoja mwaka mzima, nani atakubali kuwaongezea mtaalamu? Kwenye karatasi shule yenu iko salama kabisa. Mzazi akidai barua, anamsaidia na mwalimu.

Sheria ya Maryland naipendea hapo: inaitaka shule impe mtoto msaada wa kushughulikia tabia yake, awe ametolewa au amebaki lakini anavuruga darasa. Sheria inayosema "usimtoe" bila kusema "mpe nini" inamwachia mzigo wote mwalimu wa darasa, na wabunge wanaondoka na sifa.

#7 Mwana Uvira (Dayton, Ohio)

Asante sana mama kwa kuandika hii. Mimi ni wa Uvira, tulikaa Nyarugusu, sasa tuko Dayton. Mutoto wetu wa pili alikuwa anarudishwa hivyo hivyo. Sisi tulifikiri ametutia haya. Kila akirudishwa, mama yake anamupiga, mimi namupiga. Siku moja shule ikaona alama kwa muguu, watu wa ulinzi wa watoto wakaja nyumbani na karatasi. Tuliogopa sana, tulifikiri watabeba batoto wote. Hawakuwabeba, lakini ile usiku hatukulala.

Shule ile ile iliyotuambia mutoto amewashinda, ndiyo ilitushitaki sisi. Hakuna mutu alituambia kwanza mambo ya huyo mwanasaikolojia. Kila kikao alitafsiri binti yangu mukubwa, ana miaka kumi na mbili. Alikuwa anatafsiri makosa ya mudogo wake huku analia.

Swali: mukalimani tunaweza kumuomba, ao ni shule inachagua?

#8 MamaNasra

@Mwana Uvira, pole sana kaka. Mkalimani ni haki yako na ni bure. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi kwa asili ya taifa kwenye shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu, katika shauri la Lau dhidi ya Nichols lililoletwa na familia za Wachina wa San Francisco, iliitumia sheria hiyo hiyo kusema kuwapuuza wanaosoma bila kuelewa Kiingereza ni kuwanyima elimu. Vikao vya nidhamu vya mtoto wako shule inatakiwa ivifanye kwa lugha unayoielewa. Sema mapema, ikiwezekana kwa maandishi: "Nahitaji mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, siyo mtoto wangu." Wakikuletea anayezungumza Kiswahili cha pwani na humwelewi, sema. Mimi nimewahi kusimamisha kikao kwa sababu hiyo, na hakuna aliyekasirika.

Kuhusu kumpiga, sitakuhukumu. Ila wazazi wote mnaosoma hapa mjue: mtoto akirudishwa saa tano akapigwa saa sita, ameadhibiwa mara mbili kwa jambo ambalo bado hakuna aliyelichunguza. Na kiboko shuleni Ohio iliking'oa kabisa kwenye shule za umma mwaka 2009, kwa hiyo usije ukamwambia mwalimu "mchape tu". Nimewahi kuitafsiri sentensi hiyo mbele ya meza nzima, na kikao hakikurudi katika hali yake.

#9 Nyar Kisumu

Naunga mkono hoja, lakini naomba tuangalie na nyumbani. Kenya sheria tunayo tena nzuri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza kumfukuza mwanafunzi, na hata pale kanuni zinaporuhusu, mtoto na mzazi lazima wasikilizwe kwanza na hatua nyingine zote ziwe zimejaribiwa. Kifungu cha 36 kinakataza kumpiga na kumdhalilisha.

Na bado nenda barabarani muhula ukifunguliwa. Watoto wa gredi ya kwanza na ya pili, sare mpya, mkoba mgongoni, wanarudi nyumbani saa nne kwa sababu pesa ya chakula au ya mtihani haijalipwa. Hakuna aliyemfukuza. "Ametumwa nyumbani." Hiyo ni sawa kabisa na ile simu ya Ohio. Mtoto hajakosa chochote, na siku hizo pia hakuna anayezihesabu.

#10 Mwl Sengerema

@Nyar Kisumu hapo umenigusa. Huku ada ya msingi ilifutwa, lakini michango ya chakula na mlinzi ipo, na najua shule ambazo mtoto anasimamishwa langoni. Nilisema mtoto wetu hakosi shule. Anakosa, kwa mlango mwingine.

Nimelifikiria suala la zile karatasi kupangwa kwa saa. Kwa watoto 90 siwezi kujaza vijisura. Lakini kuna mmoja wangu kila siku baada ya mapumziko ni vurugu, na asubuhi ni malaika. Kesho nitaangalia kama anakula kitu mapumzikoni. Naona hilo naliweza bila mwanasaikolojia.

#11 BabaTumaini

Wakuu mrejesho kidogo. Jana waliniita tena. Nikauliza zile sentensi mbili kama zilivyo. Katibu akakaa kimya, akaniambia subiri, akarudi akasema mwalimu mkuu anasema mtoto atakaa ofisini nusu saa kisha arudi darasani. Alibaki hadi saa za kutoka. Niliyoyaona nimeyaandika kwenye daftari.

Sasa wamenitumia karatasi ya kikao wiki ijayo na wanataka nisaini. Nikisaini nitakuwa nimekubali makosa? Na niende na nini?

#12 MamaNasra

@BabaTumaini hongera, na umefanya vizuri kuandika.

Isome karatasi kwanza kabla ya kusaini. Kama ni mwaliko tu au orodha ya waliohudhuria, kusaini hakumaanishi umekubali chochote. Kama ina maelezo ya tukio au mpango wa nidhamu, una haki ya kusema unaichukua nyumbani uisome, na unaweza kuandika pembeni kwa mkono wako "nimepokea, sijakubali" na tarehe. Hakuna anayeweza kukulazimisha usaini siku hiyo hiyo.

Nenda na daftari lako, na barua fupi ya kuomba mtoto afanyiwe tathmini kamili na shule. Iandike kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakusumbua, ni juu yao kuitafsiri. Weka jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, unachokiona nyumbani, na sentensi moja wazi kwamba unaomba tathmini ya elimu maalumu. Bakiza nakala. Wakikubali watakupa fomu ya ridhaa. Chini ya sheria ya shirikisho, kuanzia siku ya ridhaa wana siku 60 kumaliza, au muda uliowekwa na jimbo. Texas wana ratiba yao, waulize wakuandikie tarehe ya mwisho.

Kikaoni waombe maandishi ya kila tukio na uwaulize saa ngapi, wapi, na nini kilitokea dakika chache kabla. Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa hivyo. Na kama mwanao alikuwa shule ya awali ya Head Start (mpango wa serikali kuu kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo), waombe mafaili ya kule yaje. Kanuni zao za mwaka 2016 zinakataza kumfukuza mtoto kwa sababu ya tabia yake, kwa hiyo mara nyingi wanakuwa wameshajaribu mambo na kuyaandika, na utashangaa jinsi faili hilo linavyobaki kabatini bila mtu kulifungua.

Kama unahitaji mtu wa kukusomea barua kabla hujaipeleka, nitumie faragha. Futa jina la mtoto na la shule kwanza.